Niliandika Kwamba Miguu Yako Ina Joto

Mzee Odera,

Gari limekwenda Homa Bay tangu saa tano, na mke wako yumo ndani, na mimi siwezi kukaa. Nimefagia wodi mara mbili. Nimechemsha sindano, nimezihesabu, nimezihesabu tena. Sista ameniambia nitafute kiti nikae kabla hajanifunga kamba, basi nimekaa, na kwa kuwa mikono yangu haijui kutulia nimeshika kalamu. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu wawili, maana Kijaluo changu ulikicheka hadi machozi, na Kikuria chako, Mungu anisamehe, kilikuwa kibaya zaidi.

Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike kule Suna. Kuna jambo nililokufanyia siku uliyokufa ambalo sikumwambia mtu yeyote. Leo asubuhi nimemwambia mke wako, mbele ya watu, nikiwa nimesimama katikati ya wodi na jiwe la moto mkononi. Sasa sijui nimefanya vyema au nimemvunja mtu aliyekuwa ameanza kusimama. Wacha nieleze kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha kuandika chati: kwanza saa, halafu ulichokiona, si ulichokitaka.

Unakumbuka nilivyofika? Msichana wa Ntimaru, cheti kipya, viatu vyeupe, mdomo usiofungika. Swali langu la kwanza lilikuwa mashine ya presha iko wapi. Ukanijibu kwamba mashine inakaa na daktari, daktari anakaa Homa Bay, na kwetu anakuja Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo mgonjwa anayetaka kupimwa presha achague siku ya kuugua. Nilikasirika. Nilidhani unanidharau kwa sababu mimi ni mwanamke na wewe ni dresa, mfunga vidonda wa siku nyingi, ambaye kijiji kizima kinakuita daktari.

Ukanipeleka kwa yule fundi wa baiskeli aliyekatwa na waya, sumu ikamwingia kwenye damu. Alikuwa anahema mbiombio na macho yake hayakai mahali pamoja. Ukaniambia moyo wa mtu hatuwezi kuufungua tukautazama, lakini ukianza kushindwa unaacha kwanza sehemu za mbali. Damu kidogo iliyopo unaipeleka kichwani na kifuani, miguu inajitegemea. Basi anayetaka habari za moyo akaulize miguuni. Ukaweka mgongo wa kiganja chako kwenye paja lake, ukauteremsha polepole: paja, goti, muundi, kifundo. Pale joto lilipokatika ukachovya pamba kwenye dawa ya zambarau na kumchora mstari. Ukabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukapauka, ukaachia, ukahesabu kwa sauti mpaka rangi ikarudi. Ukatazama chupa ya mkojo, ukaandika, ukaenda kunywa chai. Baada ya nusu saa ukarudi ukachora mstari mwingine.

Mstari mpya ukiwa juu ya ule wa zamani, baridi inapanda, moyo unashindwa, ita gari. Ukiwa chini yake, moyo unapata nguvu, endelea na dripu na penisilini na usijisifu. Kazi yote ilikuwa hiyo, na mimi nikasema moyoni, kwani hii nayo ni dawa ya hospitali au ni uganga? Lakini daktari mwenyewe, mara ya kwanza alipoona wagonjwa wenye miguu ya zambarau alicheka, mara ya pili akauliza, na mara ya tatu akawa anatazama mistari yako kabla hajafungua sanduku la mashine yake. Fundi wa baiskeli yule mzima hadi leo. Anapandisha bei kila mwezi.

Ulikuwa na sheria moja tu. Miguu isifunikwe, isipashwe moto, hata mgonjwa akilia baridi, hata mama yake akilia. Blanketi liishie magotini. Ulikuwa ukisema, ukiipasha moto umemziba mdomo shahidi. Watu wa hapa walikuchukia kwa sheria hiyo. Kwao wote, Wajaluo na sisi Wakuria sawasawa, kumwacha mgonjwa miguu nje ni kumtupa. Mtu wako akiugua unampasha miguu, hujaambiwa na mtu, umeona mama yako akifanya. Ulikuwa unasimama mlangoni unabishana na mabibi wenye mawe ya moto yaliyofungwa kwa kitambaa, unawabembeleza, unawatania, na mawe yanabaki nje.

Na mimi ulikuwa unaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, mgonjwa wa namna hii anataka mtu wa kumtazama bila kumgusagusa. Wewe unatembea kama umeingiliwa na siafu." Nilikuwa nacheka.

Basi ukaja kujichoma wewe mwenyewe. Jipu la mtoto, sindano ikateleza, kidole chako. Ulikifunga ukaendelea na kazi. Siku ya pili mkono umevimba hadi kiwiko, siku ya tatu ukalala kwenye kitanda cha pembeni, wodi yako mwenyewe, ukashika kifundo cha mkono wako unajihesabia mapigo na kuniambia niandike. Uliniambia nikuchore mistari. Mstari wa kwanza ukaenda upogo, ukanisonya.

Asubuhi ya nne ulikuwa husemi sawasawa. Ulikuwa unawaita watu waliokufa. Mstari wako ulikuwa chini kidogo ya goti. Sista alikuwa amekwisha kuamua: gari likupeleke Homa Bay likishajazwa mafuta. Mke wako, mama Atieno, alikuwa amepiga magoti upande wa miguuni, amekumbatia nyayo zako kifuani na kulia bila sauti. Aliniangalia. Wewe ulikuwa unatetemeka hadi kitanda kinalia.

Mzee, ningeweza kukaa. Nilichohitaji kufanya ni kukaa tu na kungoja gari. Lakini nilikwenda stoo nikachukua chupa mbili za bia zilizokuwa tupu, nikazijaza maji ya moto ya birika, nikazivika soksi zako mwenyewe na kuziweka chini ya nyayo zako. Nikafunika. Mama Atieno akashika mkono wangu akaubusu. Nilijisikia mtu mwema sana.

Saa nne ilipofika nikatoa chupa, nikapima. Miguu moto hadi vidoleni. Na hapa ndipo siwezi kujitetea. Mtu akiniuliza kama nilisahau chupa, nitasema nini? Zilikuwa pale sakafuni, nimezitoa mimi kwa mikono yangu. Nilijua na nilikataa kujua. Nilitaka sana upone, nikashika miguu yako ya moto na furaha ikanipanda kichwani, nikachora mstari kwenye kifundo na kuandika kwenye chati, "Miguu ina joto, mstari umeshuka sana." Sikuandika chupa.

Sista alisoma. Angefanya nini? Chati ni chati, na mwandishi ni mwanafunzi wako. Akasema Odera anapata nafuu, na wakati huo huo ukaletwa ujumbe wa mama aliyekwama kujifungua njia ya Ntimaru, basi gari likaenda kwanza huko. Saa sita ulikuwa huitiki. Ukucha wako niliubonyeza nikahesabu mpaka saba nikaacha. Gari likarudi saa kumi na yule mama mzima na mtoto wake mzima, na wewe ulikuwa umekwisha kutuacha.

Labda ungekufa tu huko Homa Bay. Nimejiambia hivyo kila siku kwa miezi minane. Labda. Lakini gari lilikuwa limejazwa mafuta, Mzee. Lilikuwa limeelekezwa barabarani.

Kwenye mazishi yako mama Atieno alisimama. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wamesimama shambani kwa jirani. Akasema mume wake hakutupwa, mume wake aliondoka na miguu yenye joto, na akanionyesha kwa kidole, huyu binti wa Wakuria ndiye aliyempasha. Wanawake wakanizunguka, "Ero kamano, ero kamano." Nilishukuriwa mbele ya kaburi lako na nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilitamani ardhi inimeze, na ilikuwa imefunguliwa tayari.

Ningekuwa nimekosa kwako peke yako, pengine ningekufa na ukimya huo. Lakini maneno yana miguu. Mke wako ndiye sasa anayeletea wodi uji kila siku ya soko, kwa kukukumbuka. Anakaa na watu wa wagonjwa, anawapa uji, anawasimulia habari za chupa. Wanamsikiliza kwa sababu ni mjane wako. Wamezisikia hadi Magunga. Tangu hapo nakuta mawe chini ya mablanketi, nakuta chupa, nakuta tofali, haki ya Mungu, tofali la moto limefungwa kwa kanga. Natoa, nafoka, narusha nje. Wananiuliza, si wewe mwenyewe ulimfanyia Odera? Nami nazidi kufoka. Sista ananiita kando ananiambia nina hasira siku hizi, niende likizo Ntimaru nikanywe maziwa.

Sasa leo.

Jana jioni tuliletewa msichana anayeitwa Auma. Amejifungua nyumbani siku ya sita sasa, kondo la nyuma halikutoka lote, homa, harufu, kila kitu unachokijua. Mtoto yuko hai, ananyonya kwa shangazi. Leo si siku ya daktari. Nilimchora asubuhi na mapema, mstari ukawa katikati ya muundi. Nusu saa, pale pale. Nusu saa tena, pale pale. Moyo wake ulikuwa haujaamua. Nikamwambia Sista tungoje kipimo kimoja zaidi, maana mafuta ya gari yanatosha safari moja tu leo, na kuna mtoto aliyeungua moto chumba cha pili. Nikaenda stoo kuchukua penisilini. Stoo tu, na kurudi.

Nilipopitisha mkono kwenye mguu wa Auma, joto lilikwenda mpaka kwenye nyayo. Na mimi, Mzee, nitakuambia wewe peke yako: ile furaha ilinijia tena, ile ile. Halafu nikafunua blanketi. Jiwe, limefungwa kwa kitambaa cha maua. Pembeni amekaa mama mkwe wake, mwanamke mkubwa asiyeogopa mtu, na kando yake mama Atieno na birika la uji, wamemaliza tu kuweka jiwe. Mama Atieno alikuwa anamwonyesha namna ya kulifunga lisimchome.

Nikalichukua jiwe. Mama mkwe akasimama, ananiuliza mimi ni mtu wa namna gani, nimezaliwa na nani, msichana anakufa baridi na mimi nafanya kiburi cha viatu vyeupe. Akasema mke wa Odera hapa ametuambia wewe mwenyewe ulifanya. Na mama Atieno akaitikia kwa upole, upole ule wake, "Ndiyo, mwanangu alimfanyia baba yao." Mwanangu. Ananiita mwanangu.

Nikasema. Sikupanga. Nilisema nilimfanyia, ndiyo, na ndiyo maana alikufa bila gari. Nikasema kila kitu, chupa, soksi, chati, gari la Ntimaru. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, hata mtoto aliyeungua aliacha kulia. Jiwe lilikuwa linanichoma kiganja na sikuliweka chini. Nikamwambia mama Atieno, miguu ya mumeo uliyoikumbatia ilikuwa inatuambia tukimbie, mimi nikainyamazisha, na hili jiwe sasa limemnyamazisha Auma, na hatujui tena moyo wake uko wapi.

Hakulia. Laiti angelia. Alichukua birika la uji, akaliweka chini taratibu, akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama karibu na tangi la maji, mgongo umetuelekea. Nilitaka kumfuata, lakini miguu ya Auma ilikuwa wazi na mtu alipaswa kungoja ipoe ndipo ipimwe. Nikabaki. Robo saa nzima sikufanya kitu ila kutazama miguu ya mtu, na mama mkwe anapumua juu ya kichwa changu kama ng'ombe.

Ilipopoa nikapima. Baridi ilikuwa imepanda hadi gotini. Wakati jiwe linatudanganya, moyo wake ulikuwa unashindwa. Ukucha, nilihesabu hadi tano. Nikapiga kelele waite gari.

Hapo tukakwama. Mgonjwa wa namna hii hapelekwi bila mtu wa kumpima njiani, dripu ikibidi iongezwe kasi au ipunguzwe. Mimi siwezi kuondoka, tuko wawili tu, na Sista ana mtoto aliyeungua. Mama mkwe alisema atakwenda yeye, lakini alikuwa anatetemeka, na mkono unaotetemeka hausikii kitu. Wakati tunabishana niliona mtu amesimama mlangoni. Mke wako. Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuja moja kwa moja kwa Auma, akaweka mkono wake mguuni, kiganja, akaniuliza, "Hapa?"

Nikageuza mkono wake, nikamwonyesha mgongo wa kiganja. Nikauteremsha pamoja naye, polepole. Alisimama mwenyewe pale joto lilipokatika. Pale pale. Nikampa kichupa cha dawa ya zambarau na pamba, nikamwonyesha ukucha, nikamwonyesha gurudumu la dripu: mstari ukipanda fungua zaidi, ukishuka acha. Akayarudia maneno yote bila kukosea. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Sijakusamehe, Boke. Usidhani nimekusamehe." Hakuniita mwanangu. Akapanda gari, akakaa sakafuni miguuni kwa Auma, blanketi akalikunja hadi juu ya magoti yake, na mama mkwe alipotaka kulishusha akampiga mkono.

Hayo ndiyo ya leo. Nimeandika na nimesimama mara sita. Kila gari linalopita njia ya Suna nadhani ni letu.

Chati yako nimeitoa kabatini wakati Sista yuko kwenye chai. Nimeikuta kama nilivyoiacha, mwandiko wangu mzuri wa furaha. Pembeni yake nimeandika kwa wino kwamba chupa za maji moto ziliwekwa miguuni kabla ya kipimo cha saa nne, kwamba kipimo hicho ni cha uongo, na jina langu kamili. Ijumaa daktari akija nitamwekea mezani. Akitaka kunifukuza anifukuze. Nimechoka kuogopa karatasi.

Ngoja. Hilo ni letu.

Nimerudi. Dereva amekuja peke yake, vumbi hadi kwenye kope. Auma amefika Homa Bay akiwa hai na ameingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Dereva anasema mke wako alimsimamisha mara nne njiani ili apime, gari likiwa linarukaruka mkono hausikii, na yeye akaona ni upuuzi mpaka mama Atieno alipomfokea kwa ukali ambao hajapata kuusikia. Mara mbili za kwanza mstari ulibaki gotini. Ya tatu ulishuka. Walipofika mlangoni, kulikuwa na vidole vitatu kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho, na daktari aliinama akauliza nani amemchora mgonjwa huyu. Akamjibu, "Mimi, mke wa Odera."

Amebaki huko na msichana. Amenitumia maneno kwa dereva: vidole vitatu, nisijisifu. Na akirudi nisitoke, kuna mambo anataka kuniuliza juu ya asubuhi ile, anataka kuyasikia yote, saa kwa saa.

Basi, Mzee, nakuaga. Nakuahidi nitamjibu kila atakachouliza, hata yale ambayo yatanifanya nionekane mbaya kuliko nilivyokwisha kuonekana, na sitasema "labda" hata mara moja. Akiniuliza kama ungepona, nitamwambia sijui, na kwamba nilimnyima yeye na wewe nafasi ya kujua. Lala salama huko Suna.

Mwanafunzi wako,
Boke